Mtaro Ulionyooka

Kama kuna kitu kilichomuudhi Fundi kuliko mteja mkorofi, ni mstari uliopinda. Hakuweza kula kwa raha kwenye meza yenye mguu mfupi. Akialikwa nyumbani kwa watu, kabla hajamaliza kusalimia, jicho lake lilikuwa limeshapanda ukutani kutafuta pale mwashi mwenzake alipozembea. Mkewe alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kuzoea kuambiwa asogeze kabati "kidogo tu, kulia, hapana, rudi," na bado hakuwa amezoea hata chembe.

Ndiyo maana adhuhuri ile, aliposimama juu ya Kipara na jembe begani akamwona mumewe anafungua kamba yake ya ujenzi, alihisi damu inampanda kichwani.

Kipara ni jina ambalo watu waliupa mteremko wa nyuma ya nyumba zao. Ulikuwa na majani zamani, wakati wanaoishi pale sasa walipokuwa watoto. Mifugo ikala, watu wakakata kuni, mvua ikaosha kilichobaki, mpaka ukabaki mgongo mwekundu, mgumu, usioota hata magugu. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka pale mbio, yakavuka mashamba ya chini na kwenda zao, na baada ya siku chache vumbi lilikuwa limerudi. Hatimaye chama cha pale kilikubaliana kuchimba mitaro ya kukinga maji, mmoja chini ya mwingine, yote ikiukata mteremko kwa upana, ili maji yasimame na kuzama badala ya kukimbia. Kila nyumba ilipewa sehemu yake. Ardhi iliyo chini ya mitaro ingegawanywa vipande kwa waliochimba.

Mke wa Fundi alikitaka kipande hicho kuliko alivyoweza kueleza. Miaka yote alikuwa akilima shamba la kukodi la mwenye duka, na kila alipotia samadi mpaka udongo ukalainika, mwenye duka aligundua ghafla kwamba ana mpwa anayetaka kulima. Mama wa watu akahamishiwa kwenye mawe, aanze upya. Wapwa wa mwenye duka hawakuwa na mwisho.

"Shika hapa," Fundi alisema.

"Nishike nini?"

"Kamba. Nenda nayo mpaka kigingi cha mwisho, uivute."

"Kamba ya nini tena? Wifi ameshapiga vigingi."

"Amepiga? Hebu simama hapa uangalie mwenyewe. Hiyo ni kupiga au kumwaga?"

Ni kweli vigingi vilikuwa vimekaa ovyo ukivitazama kwa jicho la mwashi. Dada yake Fundi, aliyeandikiwa kipande chake kwa kazi hiyo, ndiye aliyevipiga, kwa kutumia fremu ya miti mitatu iliyoning'inizwa jiwe katikati, kama chama kilivyofundishwa. Jiwe likitulia kwenye alama, miguu yote miwili ya fremu iko sawa, basi unapiga kigingi. Na kwa kuwa mteremko una mabonde na matuta yake, mstari wa usawa nao unaingia ndani na kutoka nje. Watu walipoviona mara ya kwanza walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alisema ni mkojo wa ng'ombe anayetembea, na jina hilo likashika.

"Huo ndio usawa wenyewe," mkewe alisema. "Mlima ukijikunja na mtaro unajikunja. Walituambia."

"Nimejenga kwenye milima mimi. Umewahi kuona ukuta wangu umejikunja?"

"Huu si ukuta!"

"Basi vuta kamba."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Fundi alikuwa ameshainama anang'oa vigingi, kimoja kimoja, anaviweka kwapani. Wenzao walikuwa wameteremka kwenda kula. Jua lilikuwa la kuchoma utosi.

"Barabara ile pale," alisema huku ananyoosha mkono kuelekea chini. "Kila anayepita anaona. Akiuliza sehemu hii kachimba nani, ataambiwa Fundi. Fundi gani? Fundi yule wa kuta. Halafu nani ataniita tena nimjengee? Unajua mwaka huu nimeitwa mara ngapi?"

Alijua. Alikuwa anajua kuliko alivyotaka. Na alikuwa amechoka, watoto walikuwa peke yao nyumbani, na kubishana na Fundi kuhusu mstari ni kazi nzito kuliko kuchimba. Akaichukua ncha ya kamba, akaenda nayo mpaka kigingi cha mwisho, akaivuta. Kamba ikalia. Fundi akapiga vigingi upya akiifuata, uso umemng'aa kama bwana harusi.

Mwenyekiti wa chama aliporudi kutoka kula, akiwa na katibu wake nyuma, alisimama akatazama. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye sauti kubwa na kitambaa kichwani, mtu wa kupenda mambo yaonekane. Katibu alikuwa fundi wa baiskeli waliyemwita Spoku kwa wembamba wake.

"Enhee!" Mwenyekiti alisema. "Hii sasa ndiyo kazi. Spoku, unaona? Imenyooka kama rula. Wageni wakija tutaanzia hapa."

"Si ulikuwa umepinda asubuhi?" Spoku aliuliza.

"Watu wanarekebisha, Spoku. Usiwe mtu wa kukatisha wenzako tamaa."

Fundi akatema mate mikononi akaanza kuchimba.

Wifi alikuja kesho yake, alipomaliza kupiga vigingi vya sehemu nyingine. Alikuta mtaro umeshachimbwa na tuta limepandishwa na kushindiliwa kwa mikono ya mtu anayejua kushindilia. Alisimama juu yake, mikono kiunoni, ulimi unamwasha. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Fundi. Baada ya ndoa yake kuvunjika alikuwa amerudi kukaa chumba cha ng'ambo ya ua, na katika ua ule hakuna sufuria iliyowahi kuepuka maoni yake.

"Kaka. Nani kahamisha vigingi?"

"Chama kimeshakubali, dada."

"Nimeuliza nani."

"Mwenyekiti mwenyewe kapita hapa. Kasema kama rula."

Wifi alimgeukia mke wa Fundi. Mke wa Fundi akainama kufunga kiatu kisicho na kamba.

"Haya," Wifi alisema. "Mimi nimeshasema, na mlima uko hapo." Akaondoka. Siku hiyo nzima alilaumu chumvi, kuni na namna watoto walivyokaa mezani, lakini mtaro hakuutaja tena.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, kubwa, bila kubisha hodi. Ilipopungua watu walitoka mbio na magunia vichwani kwenda kuona kazi yao. Mtaro wa juu ulikuwa umejaa maji yaliyotulia kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu walishangilia. Kuna bibi mmoja alitumbukiza mkono kwenye maji akacheka peke yake.

Sehemu ya Fundi, kwenye mtaro uliofuata chini yake, haikuwa na maji. Mstari ulionyooka ulikuwa umekata mteremko bila kujali mabonde yake, kwa hiyo maji yote yalikimbilia pale palipokuwa chini kuliko kwingine, yakarundikana, yakasukuma, na tuta likapasuka. Palipopasuka pangeweza kupita mkokoteni. Kutoka hapo chini lilikuwa limechimbika korongo jipya lililopita katikati ya ardhi ya kugawana, na miche ya majani ambayo akina mama waliipanda kwa kupiga magoti ilikuwa imelala barabarani, kwenye tope, pamoja na udongo wenyewe.

Fundi alichuchumaa pale palipopasuka, akabonyeza ukingo wa tuta kwa kidole gumba.

"Kushindilia hakukuwa na tatizo," alisema.

Mkewe alihisi anaweza kumsukuma korongoni.

Jioni hiyo Mwenyekiti na Spoku walikuja uani, viatu vyao vimebeba nusu ya Kipara. Fundi alikuwa anakula. Mkewe alikuwa ameshika upawa. Wifi alikuwa kwenye kizingiti cha chumba chake anachambua mboga. Viti vilitolewa, salamu zikapita, hali zikaulizwa, na Mwenyekiti akasafisha koo.

"Sikuja kugomba," alisema. "Wakati wa mvua ndio huu, hatuna muda wa kutafutana. Nimekuja kusema hivi. Kuna mtu kakosea pale, na kukosea ni kawaida. Akisema leo, kesho tunachukua majembe sote, tunachimba upya, yanakwisha. Hakuna wa kumsimanga. Lakini akinyamaza, halafu tukajua wenyewe, jina linafutwa. Kipande hapati. Hiyo ni katiba ya chama, si yangu."

Msomaji atafikiri hapo mambo yaliisha. Mlango umefunguliwa wazi, kiti kimewekwa, kilichobaki ni mtu kusema maneno mawili akaendelea na chakula chake. Mke wa Fundi alishusha pumzi. Akamtazama mumewe.

Fundi akamega tonge jingine.

"Aliyepiga vigingi ni dada hapa," Mwenyekiti aliendelea. "Labda fremu ilikuwa na hitilafu?"

"Fremu haina hitilafu," Wifi alisema. "Vigingi vyangu vilikuwa vimepinda. Si mlicheka? Si mliniambia mkojo wa ng'ombe? Sasa mtaro ule umepinda wapi?"

"Mimi mkojo siukumbuki," Mwenyekiti alisema haraka, akatazama viatu vyake.

"Basi mwulize aliyechimba."

"Fundi," Mwenyekiti alisema, "wewe ulichimba wapi?"

Fundi alimeza. Akanywa maji. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Nilichimba penye vigingi," alisema.

Na hakuwa amesema uongo, hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Alichimba penye vigingi kweli. Wifi aliinua uso kutoka kwenye mboga, akamtazama kaka yake, mtoto aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa sokoni. Alingoja. Hakubishana wala hakupiga kelele, yeye ambaye angeweza kupiga kelele kwa sababu ya kijiko. Aliponyanyuka aliingia ndani na bakuli lake akafunga mlango.

"Basi," Mwenyekiti alisema akiutazama mlango wa Wifi, na ilionekana wazi kwamba amepata nafuu. "Mtu akikataa kosa lake tufanyeje?"

Mke wa Fundi aliwasindikiza mpaka njiani, upawa bado uko mkononi. Mara tatu alitaka kusema. Spoku alimtazama kwa jicho la kumsaidia, lakini yeye aliuliza tu habari za mke wake na mguu wake unaouma.

*

"Kwa nini hukusema?" Alimvamia Fundi aliporudi, kwa mnong'ono, kwa sababu dirisha la Wifi lilikuwa hatua chache kutoka hapo.

"Niseme nini?"

"Usinifanye mjinga. Kasema hapa hapa, mtu akisema yanakwisha!"

"Wanasema hivyo. Halafu kesho kila mahali ni Fundi hajui kuchimba mtaro, Fundi hajui kuchimba mtaro."

"Kwani unajua?"

Hilo halikumpendeza. Alijilaza akageukia ukuta, ule ukuta wake ulionyooka.

"Kesho utakwenda umwambie Mwenyekiti," mkewe alisema.

"Kesho nina mtu wa kuonana naye."

Kesho alikuwa na mtu, na kesho kutwa alikuwa na mtu, na mtu huyo hakujulikana. Mkewe alipomkaba tena, alimkuta ana jibu jipya, safi kabisa.

"Sasa tumeshachelewa. Tukisema sasa, jina linafutwa. Shamba linakwenda. Si wewe uliyekuwa unalia shamba, shamba, shamba? Mimi nanyamaza kwa ajili yako."

 Mkewe alitaka kumwambia kitu kitakachomchoma, akakitafuta kichwani, na kilichotoka kilikuwa, "Ondoa miguu yako hapo nifagie."

Kwenye bomba la maji watu walianza kumwita Wifi Injinia. "Injinia, foleni hii imenyooka?" Vijana waliuliza ndoo yake imepimwa kwa fremu au kwa macho. Akina mama ambao miche yao ilisombwa walikuwa wakali zaidi, nao walikuwa na haki ya kuwa wakali, ila kwa mtu mwingine. Mmoja aliivuta ndoo ya Wifi akaisukuma nyuma ya foleni kwa mguu. Wifi aliifuata ndoo yake, akasimama nyuma. Mke wa Fundi aliyaona hayo akiwa mbele, maji yanajaa kwenye chombo chake, na chombo hakijawahi kuchelewa kujaa kama siku hiyo.

Wifi alitoa jiko lake nje, akaliweka mlangoni kwake, akaanza kujipikia. Watoto wakipeleka sahani aliwarudisha nayo, kwa upole. "Mwambie mama yenu shangazi ameshiba." Ua ulikuwa na moshi wa majiko mawili na hakuna aliyemlalamikia mwenzake. Mke wa Fundi, aliyekuwa ameomba miaka mingi apate hata siku moja ya kupika bila kusimamiwa, aligundua kwamba hawezi kupima chumvi. Alimwaga nyingi, akamwaga kidogo, akakasirika. Alikuwa hampendi sana Wifi. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kama angekuwa anampenda, angalau angejua kwa nini halali usingizi.

*

Siku ya kugawana vipande watu walikusanyika chini ya mitaro, kwenye ardhi yenyewe. Korongo la Fundi lilikuwa katikati yao, watu wakiruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine wakiangalia wasichafuke. Spoku alisoma majina. Kila aliyesomwa alikwenda kusimama kwenye kipande chake, na wengine waliinama wakachukua udongo wakausugua vidoleni, kisha wakaona aibu wakautupa.

"Dada yake Fundi," Mwenyekiti alisema, "kama tunavyojua, jina limefutwa. Katiba ni katiba. Tuendelee."

Wifi alikuwa amekuja. Hakuna aliyetegemea angekuja. Alikuwa amesimama kando, amevaa gauni lake la kutokea, ameshika mkoba, kama mtu aliyepita tu akielekea kwingine.

"Nyumba ya Fundi."

Kilikuwa kipande kizuri. Kilikuwa chini ya mitaro iliyojaa, mbali na korongo, na udongo wake ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Mke wa Fundi aliruka korongo, akaenda, akasimama. Miguu ilizama kidogo. Hapakuwa na mpwa wa mtu hapa. Angetia samadi na samadi ingebaki yake. Alisimama hapo muda ambao mtu anaweza kuvuta pumzi mara chache, na katika muda huo alikuwa na shamba.

"Mwenyekiti," alisema.

"Nyumba inayofuata," Mwenyekiti alisema.

"Mwenyekiti, nina neno."

"Mama, maneno mengineyo ni mwisho."

"Wifi yangu alipiga vigingi vizuri. Mume wangu ndiye aliyevihamisha. Mimi nilimshikia kamba."

Kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Fundi alikuja akiruka vipande vya watu, amenyoosha mkono.

"Amechoka," aliwaambia. "Hajalala vizuri. Mama watoto, twende nyumbani, umechoka."

"Nimechoka na wewe!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga, na mtu mmoja nyuma akacheka. "Nimechoka na wewe, na kamba yako, na kunyooka kwako! Mlango ulifunguliwa uani kwetu, ukaambiwa sema tu, yaishe. Ukamega tonge! Dada yako anasukumiwa ndoo bombani, wewe unameza! Na mimi niko hapo na upawa kama sanamu!"

"Tusirudi nyuma jamani," Mwenyekiti alisema, kitambaa kimeanza kumteleza. "Mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani."

Hapo Spoku, mtu ambaye kwa kawaida hakumaliza sentensi mbele ya Mwenyekiti, alikunja karatasi yake. "Mimi nilikuwepo," alisema. "Asubuhi ule mstari ulikuwa umepinda. Mchana ukawa umenyooka. Tulisema kama rula. Na mkojo wa ng'ombe tulicheka wote, nani hakucheka?"

Watu walitazama chini. Wote walikuwa wamecheka, na wengi wao, ukweli usemwe, walikuwa wameusifu mtaro wa Fundi wakatamani wao wangekuwa na mkono kama ule. Hakuna aliyetaka hilo likumbukwe. Na watu wakikosa pa kuweka aibu yao huitafutia mahali haraka. Mwenyekiti aliijua kazi hiyo vizuri. Alirekebisha kitambaa, akapandisha sauti.

"Basi katiba ni ile ile! Aliyeficha jina linafutwa. Nyumba ya Fundi imefutwa. Dada anarudishwa. Kipande kilichobaki bila mwenyewe ni hapo aliposimama wifi yake, basi ni chake. Mama, naomba utoke hapo."

Alitoka. Udongo ulikuwa umemganda viatuni na alijikuta anaukung'uta juu ya kipande, urudi ulikotoka, asije akaambiwa amekwenda nao. Alimpita Wifi. Alikuwa hategemei kushukuriwa, lakini alitegemea jambo fulani, hata kutikisa kichwa.

"Siku zote hizo," Wifi alisema. "Siku zote hizo na wewe ulijua kusema."

Hilo tu. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akajifuta shingo.

*

"Umenivua nguo," Fundi alisema nyumbani. Alilisema wakati wa kula, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. "Mbele za watu. Mke wangu mwenyewe."

"Ungevua mwenyewe uani, tulikuwa watano tu."

"Shamba limekwenda."

"Najua limekwenda! Nilikuwa nimesimama juu yake!"

Chama kiliamua sehemu iliyopasuka ichimbwe upya kabla mvua haijarudi. Wifi alipiga vigingi. Fremu ilihama, jiwe liliyumba, likatulia, kigingi kikaingia, na mstari ukajikunja kuingia bondeni, ukatoka, ukajikunja tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi naye alikuja kuchimba, kwa sababu kutokwenda kungekuwa aibu juu ya aibu. Alichimba bila kusema na mtu. Kila alipofika kwenye mkunjo alisimama kidogo, akatazama mbele ambako mtaro ungeweza kwenda moja kwa moja, shingo ikamkakamaa, kisha akageuka kufuata kigingi. Mkewe alimwona. Alijisikia kumhurumia, akakasirika kwamba anamhurumia.

Mvua ilirudi mchana mmoja. Hawakungoja iishe. Watu walipanda Kipara wakilowana, wakajipanga kwenye tuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Maji yalishuka yakiwa mekundu, yakaingia mtaroni, yakatafuta pa kukimbilia. Hayakupata. Yakapanda taratibu, kila mahali kwa pamoja, mpaka yakakaa. Mtaro ulijaa pamoja na mikunjo yake yote na tuta halikutoa hata tone.

Hakuna aliyeshangilia mara hiyo, walikuwa wanaogopa kuutazama vibaya. Mke wa Fundi alikuwa amesimama karibu na Wifi, si karibu sana. Alikuwa anatazama kipande kule chini, kile kilichokuwa chake kwa pumzi chache, na jinsi kitakavyolowana polepole kuanzia leo mpaka kiangazi. Jumatatu angeenda kwa mwenye duka. Angesimama mbele ya kaunta na kuomba mawe mengine.

Fundi alikuja akitembea juu ya tuta, nguo zimemganda mwilini. Alipomfikia dada yake alisimama, akakuna kidevu, akatazama maji, akatazama mbali.

"Nilikosa mimi, dada," alisema chini chini.

Wifi hakumgeukia.

"Sema kwa sauti," alisema. "Uliponyamaza walisikia wote."

Watu wa karibu waliacha kuzungumza. Wa mbali nao wakaacha, ingawa hawakujua kwa nini. Fundi alimtazama mkewe kama aliyetaka amsaidie kushika ncha ya kitu. Mkewe alitia mikono kwapani.

"Nilikosa mimi!" Fundi alipiga kelele. Sauti ilimvunjika katikati, akairudia. "Nilikosa mimi!"

Ilisikika mpaka barabarani. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na mzigo alisimama akatazama juu, akaendelea na safari yake. Mwenyekiti alishughulika na kitambaa chake. Wifi alitikisa kichwa mara moja, kama anayepokea chenji.

Mke wa Fundi alianza kulia. Wanawake wawili walimsogelea wakamshika mabega, wakamwambia ni sawa mama, ndoa ni hivyo, amesema mwenyewe, mbele za watu, ni wanaume wachache wangeweza. Wakamwambia afurahi. Aliwaondoa mikono. Hakuwa analia kwa furaha. Maneno mawili tu. Yalikuwa maneno mawili tu, na uani jioni ile yangesemwa bure, na shamba lingebaki.